Dartford–Lewisham: treni za asubuhi zinagoma kila baridi ikikaza, naombeni ushauri

MgeniWaBaridi
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa walioko Uingereza, hasa kusini-mashariki mwa London. Safari yangu ni Dartford hadi Lewisham, zamu inaanza saa 1:30 asubuhi, kazini ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu kutoka stesheni. Siku za kawaida treni ya saa 12:30 hivi inatosha. Baridi ikishika, mara imefutwa, mara imechelewa dakika 25, mara imesimama katikati ya njia na taa zinapepesa. Nina tiketi ya mwezi. Nataka kujua:
1. Kwa nini treni za umeme za huku zinashindwa na barafu kidogo tu?
2. Usiku wa kuamkia kazi niangalie nini?
3. Njia mbadala ipi inaaminika?
4. Fidia inadaiwa vipi kwa mwenye tiketi ya mwezi?
5. Mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara?

FundiReli
Nianze na namba 1, maana ukikijua chanzo utabashiri mwenyewe asubuhi ipi itakuwa mbaya.

Treni za kusini mwa mto Thames karibu zote hazichukui umeme kwenye waya wa juu kama SGR ya Dar–Dodoma. Zinachukua kwenye reli ya tatu, ile iliyolala kando ya njia, volti 750 za mkondo mnyoofu. Ubavuni mwa behewa, chini kabisa, kuna kipande cha chuma ambacho mafundi hukiita kiatu. Kiatu kinateleza juu ya uso wa reli hiyo na kunyonya umeme. Barafu nyembamba kama ganda la kitunguu inatosha kukiinua kisiguse chuma. Ndipo unaona zile cheche za buluu gizani, taa zinapepesa, na treni inakosa nguvu.

Theluji kavu si adui mkubwa, kiatu huisukuma pembeni. Adui ni mvua inayoganda pale pale inapotua, na unyevu wa jioni unaogeuka sakitu usiku mbingu zikiwa wazi. Chuma hupoa kuliko hewa, kwa hiyo simu inaweza kukuandikia nyuzi 1 juu ya sifuri na reli ikawa imeshaganda. Jioni ya mvua ikifuatiwa na usiku wa nyota, jiandae.

Treni iliyo mwendoni huvuka kipande kilichoganda kwa kasi iliyonayo. Ikisimama juu ya kipande hicho, hasa kwenye mwinuko, shida inaanza, kwa sababu kuondoka ndiko kunakotaka umeme mwingi. Ndiyo maana siku hizo vituo vidogo vinarukwa na watu wanalalamika, "Treni imepita tupu bila kusimama!" Ndiyo maana pia treni ndefu ni afadhali: ina viatu vingi, vingine vikiwa juu ya barafu vingine vinagusa chuma.

Usiku hupitishwa treni maalumu za kumwaga dawa ya kuzuia barafu, na treni tupu za kuisugua reli isigande. Sehemu korofi zimefungwa nyaya za kupasha reli moto. Lakini mvua ikinyesha baada ya dawa, dawa inaoshwa, na mnarudi mlipoanza.

Kijiwe_Cha_Crewe
Ongeza na pointi, yaani pale njia inapogawanyika. Ulimi wa reli lazima ubane kabisa kwenye reli mama. Theluji ikishindiliwa katikati ikaacha upenyo wa milimita chache tu, mtambo haupati uthibitisho kwamba njia imefungika, basi ishara inabaki nyekundu hata kama ukitazama kwa macho unaona pamebana. Pointi nyingi zina hita za umeme. Hita ikiharibika, mtu anatumwa kwa miguu na koleo. Tangazo likisema "hitilafu ya pointi", usitarajie dakika 5.

Na milango pia. Theluji ya soli za viatu vyenu inakanyagwa pale kizingitini inakuwa barafu, mlango haufungi mpaka mwisho. Mlango mmoja usipofunga, dereva hapati nguvu ya kuondoka, treni nzima inangoja. Kung'uta viatu jukwaani kabla ya kupanda.

Nairobi_Kwa_Miguu
Hahaa, na msisahau Februari 1991, British Rail, shirika la reli la serikali enzi hizo, walipojitetea kwamba iliyoanguka ni theluji ya aina isiyofaa. Magazeti yaliwacheka miaka na miaka. Kumbe fundi alikuwa na hoja: ilikuwa laini kama unga, ikapenya hadi ndani ya mota.

Msafiri_wa_Zamu
Namba 2. Usiangalie asubuhi peke yake. Ratiba ya dharura kwa kawaida huwekwa jioni iliyotangulia, kwa hiyo fungua tovuti au app ya National Rail, yenye ratiba za treni zote, mara mbili: kama saa 4:30 usiku kabla ya kulala, na tena kabla hujavaa viatu. Usitafute treni yako tu, soma mstari wote kuanzia ya kwanza ya siku.

Halafu jifunze kutumia Realtime Trains, tovuti inayoonyesha treni ilipo sasa hivi. Chagua treni yako, uone imeanzia wapi na imepita vituo gani kwa dakika ngapi za kuchelewa. Kibao cha stesheni kinaweza kuandika "kwa wakati" huku treni yenyewe haijaondoka ilikoanzia. Kama haijaonekana kituo hata kimoja na zimebaki dakika 8 ifike kwako, hiyo usiitegemee.

Ushauri wangu: siku ya barafu panda treni ya kwanza kabisa.

FundiReli
Hapo nakupinga kidogo mkuu. Treni ya kwanza ndiyo inayokwangua barafu ya usiku, na mara nyingi imelala nje na milango imeganda. Ya pili au ya tatu hupita njia iliyokwisha kusuguliwa. Kanuni ninayoiamini ni hii: chagua treni ambayo nyuma yake kuna nyingine mbili zinazoweza kukufikisha kabla ya zamu. Kwa Dartford hilo linawezekana, kwa sababu zinatoka njia tatu: ya Woolwich, ya Bexleyheath na ya Sidcup. Tazama zote tatu, usikariri jukwaa moja.

BintiTanga_UK
Namba 3, kaka. Siku mbaya chukua treni ya njia ya Woolwich ushuke Abbey Wood, kisha Elizabeth line, ile reli mpya inayokatiza London, hadi Canary Wharf. Hiyo inatumia waya wa juu, volti 25,000, na sehemu kubwa ya kipande hicho iko chini ya ardhi. Canary Wharf unatembea dakika chache hadi DLR (Docklands Light Railway, treni nyepesi za mjini), unashuka Lewisham, mwisho wa njia. Jiwekee nusu saa ya ziada.

Swali kwa FundiReli: DLR nayo ina reli ya tatu. Mbona haisumbui kama hizi zetu?

FundiReli
Swali zuri dada. Volti ni zile zile 750, ila kiatu cha DLR kinagusa reli kutoka chini, na juu yake kuna mfuniko. Mvua na theluji vinaangukia mfuniko, uso unaoguswa unabaki mkavu zaidi. Ya kusini ni muundo wa zamani, uso uko wazi kuelekea mbinguni, na kubadilisha mtandao mzima ni gharama isiyosemeka.

Nairobi_Kwa_Miguu
Mabasi, kama reli zote zimelala: 96 kutoka Dartford hadi Woolwich, halafu 54 hadi Lewisham. Ni safari ndefu, usiifanye mpango wa kwanza. Ipo pia 89 kutoka Bexleyheath hadi Lewisham, lakini hiyo inapanda Shooters Hill, na theluji ikilala kwenye kilima kile basi ndilo la kwanza kukatishwa njia.

Mhasibu_wa_Nauli
Namba 4, soma taratibu, watu wanaacha pesa nyingi hapa. Mpango unaitwa Delay Repay. Kampuni nyingi zinaanza kulipa kuchelewa kwa dakika 15, chache dakika 30. Viwango:

Dakika 15 hadi 29: robo ya nauli ya safari moja.
Dakika 30 hadi 59: nusu.
Dakika 60 hadi 119: nauli yote ya safari moja.
Dakika 120 na zaidi: nauli ya kwenda na kurudi.

Kwa tiketi ya muda, nauli ya safari moja inapatikana kwa kugawanya: ya wiki kwa 10, ya mwezi kwa 40, ya mwaka kwa 464. Tuseme ya mwezi ni pauni 200. Safari moja ni pauni 5. Ukichelewa dakika 25 unapata pauni 1.25, ukichelewa dakika 40 pauni 2.50. Ni kidogo, lakini kila safari inadaiwa peke yake, asubuhi na jioni, na mwezi wa Januari hujumlika.

Wanapokosea watu:
- Kinachohesabiwa ni saa ya kufika mwisho wa safari, si saa ya kuondoka. Treni yako ikifutwa ukapanda inayofuata, linganisha saa uliyotakiwa kufika na saa uliyofika.
- Mara nyingi wanapima kwa ratiba ya siku hiyo. Kama waliibadilisha jana usiku, treni iliyoondolewa inaweza isihesabiwe. Piga picha ya skrini jioni na asubuhi.
- Siku za kudai ni 28 tu, baada ya hapo imekula kwako.
- Ukibadilisha treni, dai moja kwa kampuni iliyosababisha ukose ya pili, usidai mbili. Na uwe umeacha muda halali wa kubadilisha, kwa kawaida angalau dakika 5. Ukijipa 2 watakataa.
- Chagua kulipwa benki, si vocha.

Wakikataa dai halali, kata rufaa kwao kwanza. Wakishikilia msimamo, peleka kwa Rail Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya reli, ni bure.

Wenye tiketi ya siku: treni ikifutwa ukaamua kutosafiri, hiyo si Delay Repay. Unarudishiwa nauli yote na aliyekuuzia, bila makato. Elizabeth line ina dai lake TfL (mamlaka ya usafiri ya London) kuanzia dakika 30, DLR kuanzia 15, nayo ndani ya siku 28.

BintiTanga_UK
Namba 5: sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa saa ambazo hukuwepo kwa sababu ya hali ya hewa au usafiri, isipokuwa mkataba wako unasema hivyo. Soma mkataba na sera ya kazini. Usipige simu saa 1:25. Tuma ujumbe mara treni inapofutwa ukitaja treni ya saa ngapi, njia unayotumia sasa na saa unayotarajia kufika, na uambatishe picha ya skrini. Anayekusubiri umpokee zamu anahitaji hiyo saa kuliko samahani kumi.

Kijiwe_Cha_Crewe
Moja la usalama, kwa sababu umetaja kusimama katikati ya njia. MSIFUNGUE MILANGO. Tarehe 2 Machi 2018, hapo hapo Lewisham, treni zilikwama kwa barafu saa kadhaa, watu wakashuka wenyewe relini. Reli ya tatu inaua hata ikiwa na barafu juu. Watu wakionekana njiani, umeme lazima ukatwe eneo lote, kwa hiyo hata treni zilizokuwa zinaweza kusogea zinakufa pamoja na joto la ndani. Beba maji nusu lita, betri ya akiba ya simu, glavu, na uende haja kabla ya kupanda. Treni nyingine za mjini hazina choo.

MgeniWaBaridi
Asanteni sana wakuu. La mwisho: tiketi yangu ya mwezi ni ya Dartford–Lewisham. Nikishuka Abbey Wood nikapanda Elizabeth line itakubaliwa?

Mhasibu_wa_Nauli
Siku ya kawaida, hapana. Siku ya vurugu, ni pale tu wanapotangaza kwamba tiketi zinakubaliwa kwa njia nyingine. Tangazo hutaja njia kwa majina, na Elizabeth line au DLR isipotajwa haimo. Bila tangazo, lipa kwa kadi ya benki: igusishe Abbey Wood kabla ya kupanda, tena ukitoka Elizabeth line pale Canary Wharf, tena ukiingia DLR, na mwisho ukitoka Lewisham. Iandikishe kadi hiyo kwenye akaunti ya TfL ili uione historia ya safari, na kama mfumo ukikukata nauli ya juu kwa kuwa safari ilizidi muda, unaomba irekebishwe humo humo.