Dawa ya mama: orijino au ile inayofanana nayo?

Mtoto_wa_Uyole: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama ana saratani ya titi, majibu yamesoma HER2 chanya, yaani seli za saratani zina protini hiyo kwa wingi. Daktari kaandika trastuzumabu. Herceptin yenyewe, ile orijino, bei hatuiwezi. Kuna ya kiwanda kingine, inafanana, nafuu. Ni dawa kweli? Sipati usingizi.

Kiazi_Mviringo: Mama ni mmoja. Uza shamba, nunua orijino.

Mfamasia_Soweto: Usimtishe mwenzio. Dawa hizi zinatoka kwenye seli hai, hazikopiwi kama Panadol, ndiyo maana kiwanda kinabanwa kuthibitisha kwamba yake inafanya kazi ileile. Ulaya waliidhinisha dawa ya kwanza ya kufanana mwaka 2006. Trastuzumabu ya namna hii WHO waliithibitisha Desemba 2019. Bei hushuka washindani wakiruhusiwa: wa Humira, dawa ya baridi yabisi, waliingia sokoni Ulaya 2018, Marekani wakasubiri hadi 2023 kwa rundo la hataza, haki za mwenye dawa ya kwanza. Ila mdogo wangu, umeinunua wapi? Ina usajili wa TMDA, mamlaka yetu ya dawa?

Mzee_wa_Tukuyu: Marehemu baba alikuwa na sukari. Kijijini hakuna umeme, insulini tukaiweka kwenye chungu, tukakizungushia mchanga mbichi. Kila jioni mimi ndiye niliyemwagia maji. Miaka sita.

Mfamasia_Soweto: Mtoto wa Uyole, nimekuuliza.

Mtoto_wa_Uyole: Tunduma. Kijana anavusha kutoka ng'ambo. Boksi halina maandishi ya TMDA, lakini limefungwa vizuri. Nimeliweka juu ya kabati, na Mbeya Juni hii ni friji tosha. Nimeshalipa, jamani.

Kiazi_Mviringo: Mungu anakuona.

Nzovwe_Kwetu: Uzi wa kutunga huu. Mwanzo "kuna ya kiwanda kingine", sasa Tunduma. Dawa hiyo inapitishwa kwa dripu, nani atamwekea nyumbani? Kesho utasikia namba ya kijana wa Tunduma.

Kiazi_Mviringo: Kweli, na mimi nilishtuka.

Mzee_wa_Tukuyu: Mnamwita mwongo mtu mwenye mgonjwa? Na kama ni kweli?

Mtoto_wa_Uyole: Namba simpi mtu. Binamu yangu ni muuguzi, anakuja usiku huu.

Mfamasia_Soweto: Iwe kweli iwe uongo, namjibu. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani, na hujui imepita wapi. Tatizo si kwamba ni ya kufanana, zilizosajiliwa zipo. Usimwekee. Asubuhi mpelekee daktari boksi hilo, mwambie yote, umuulize iliyosajiliwa.

Mtoto_wa_Uyole: Binamu yuko mlangoni. Namwambia asifungue boksi.