Ada na kodi zinagongana Novemba, naomba ushauri
Habari wakuu. Mke wangu anaacha kazi Oktoba arudi chuo, tunabaki na mshahara mmoja: 850,000 mkononi. Chakula 300,000, LUKU na maji 60,000, matumizi yake chuoni 150,000. Kodi ni 150,000 na ada 125,000 ukizigawa kwa mwezi. Jumla 785,000, kwa hesabu inatosha. Kinachotubana ni tarehe: Novemba mwenye nyumba anataka miezi sita, 900,000, na chuo kinataka nusu ya ada, 750,000. Akiba iko kwenye kikoba, haitoki mpaka mgao wa Desemba. Mkopo wa simu hapana, marejesho yake yatakula hela ya mboga. Nimwombe mwenye nyumba nilipe miezi mitatu mitatu, au nikope kikoba kwa dhamana ya hisa zetu?