Kutokomeza kipindupindu Zanzibar: fedha zianzie kwenye chanjo au kwenye maji?

Mleta mada
Mpango wa Zanzibar wa kutokomeza kipindupindu ni wa miaka 10, 2018 hadi 2027, na muda unayoyoma. Msimamo wangu: fedha zianzie kwenye chanjo. Mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo ya kunywa, dozi mbili, na ufanisi wake ulifika asilimia 79. Kulaza bomba ni kazi ya miaka.

Mpimamaji
Ndugu yangu, hiyo 79 ni ya dozi mbili. Oktoba 2022, kwa uhaba, waratibu wa akiba ya chanjo ya dunia walihamia dozi moja kwenye milipuko. Kinga yake ni ya muda mfupi, na watoto wa chini ya miaka 5 ndio hupata kidogo zaidi.

Halafu tazama ardhi. Kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima inategemea udongo unaochuja. Huku maweni udongo ni kiganja tu, chini yake jiwe la matumbawe lenye nyufa. Masika yakipiga, maji ya karo la choo lisilosakafiwa chini hupenya nyufa hizo hadi kisimani bila kuchujwa.

Mhudumu wa shehia
Mmeiruka klorini! Ila msiimwage kisimani: maji yakijaa upya, dawa imekwisha. Itieni kwenye dumu. Unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 15 kwa lita moja ya maji, hutoa dawa ya asilimia 1. Vuta mililita 4 kwa bomba la sindano, tia kwenye dumu la lita 20, tikisa, subiri dakika 30, pima. Klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Ikipungua, ama maji yana tope, ama kopo la unga liliachwa wazi likapoteza nguvu. Yenye tope chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha tia mililita 8.

Mleta mada
Kwa visima vya maweni nimekuelewa. Lakini nani atakaa kisimani tangu alfajiri kutia dawa wakati hakuna mgonjwa? Mlipuko ukipoa posho hukatwa, na madumu yanarudi kutekwa bila dawa.

Mpimamaji
Ndiyo maana posho hiyo iingie kwenye bajeti ya kila mwaka, si ya dharura. Na shehia za maweni zitangulie kupata mifereji ya bomba, yenye maji mchana na usiku: bomba likikauka hufyonza maji machafu ya nje kupitia viungo vinavyovuja, na mtu wa kwanza kufungua mfereji ndiye anayeyanywa.