Lantana ya ukingo wa mto na babla wa Hinde: ing'olewe kwa mpangilio gani?

Kingoni
Wadau, naomba ushauri. Tunasaidia wakulima watatu wa Mukurweini, kaunti ya Nyeri, ambao mashamba yao yanashuka hadi mtoni. Kila mmoja ana kama mita 40 za ukingo, na wote umejaa lantana, kichaka cha kigeni. Ndege waitwao babla wa Hinde wanasikika humo kila alfajiri. Wakulima wanataka lantana iondoke kwa kuwa ng'ombe wakiila wanaugua ini na ngozi. Sisi tunataka vichaka vya asili virudi. Mpango ni kufyeka yote Septemba, kisha kupanda mvua za vuli zikianza. Miche mingapi, na ya aina gani?

Mzalisha Miche
Tafadhali msifyeke yote. Ndege huyu hapatikani nchi nyingine yoyote ila Kenya, na katika mabonde ya huko lantana ndiyo iliyobaki baada ya vichaka vya asili kulimwa. Humo ndimo anamojificha na kutaga, na chini yake anachakura wadudu kwenye majani makavu. Ukiifyeka Septemba, kundi linaingia msimu wa mvua, ambao ndio wa kuzaa, bila pa kuweka kiota.

Gawanyeni kila ukingo vipande vitatu, mng'oe kimoja tu. Cha pili kisiguswe mpaka matawi ya miche ya kwanza yamekutana na ukiinama huoni upande wa pili. Hesabuni miaka mitatu hadi mitano. Mukawa, kichaka cha asili mtakachopanda, haukui haraka. Pangeni pia na majirani, ili vipande vya wazi visifuatane.

Panga halitoshi. Shina likikatwa juu ya ardhi linachipua upya, zito kuliko mwanzo. Chimbeni kwa sululu mtoe kitako chote cha mzizi. Matawi yasiachwe yakigusa udongo mbichi, maana yanaota. Yarundikeni juu ya mawe yakauke, na rundo hilo litawapa ndege maficho ya muda. Moto msitumie, unateketeza majani makavu ambayo ndiyo sahani yao. Mvua ya kwanza italeta miche ya lantana kutokana na mbegu zilizo ardhini: ing'oeni kwa mkono ikiwa haijafika goti.

Kuhusu idadi: kwa upana wa mita 6 na urefu wa mita 40, mkipanda kila mita 1.5, mnapata mistari minne ya miche 27, yaani 108. Ongezeni 20 ya kuziba mapengo. Theluthi moja ya mwaka huu ni miche 36 hivi kwa kila shamba. Nusu iwe mukawa (Carissa spinarum), inayobaki vichaka vingine vya asili, muthigiu na mukinyai, na muthakwa kidogo kwa sababu unakua upesi na kutoa kivuli mapema. Mbegu za mukawa zioshwe nyama na kusiwa zikiwa bado mbichi. Zikikaa kwenye kopo zinakufa.

Kingoni
Ahsante sana, mpango wa Septemba tunaubadilisha. Mkulima mmoja anahofia nyoka karibu na nyumba, na kuzumburu kwenye matunda yake.

Hesabu ya Alfajiri
Hofu yake ni ya haki, asilazimishwe. Kichaka kikae mtoni, si uani, na kati yake na mazao muache ukanda wa mita 2 au 3 wa nyasi za nepia, ambayo atamkatia ng'ombe. Kanuni za maji za Kenya tayari zinazuia kulima ukingo, kuanzia mita 6 hadi 30 kwa kadiri ya upana wa mto, kwa hiyo hapotezi shamba halali.

Mbuzi ndio adui mkubwa wa miche. Zungusheni matawi ya miiba miaka miwili ya kwanza. Majani makavu yasifagiliwe kwa ajili ya boma la ng'ombe. Akinyunyiza dawa kwenye kahawa, mistari miwili ya mwisho upande wa mto aiache, kwani ndege hawa wanaishi kwa wadudu. Kukiwa na mikaratusi, ikateni na kubandua gome la kisiki mpaka chini ya udongo, la sivyo itachipua.

Hesabuni makundi, si ndege mmoja mmoja, kabla ya kung'oa na kila mwaka mwezi uleule, jua likichomoza, wakati wanapopiga kelele kwa pamoja. Angalieni jicho: la babla wa Hinde ni jekundu, la babla mweupe-mweusi wa kaskazini ni jeupe. Manyoya ya Hinde hutofautiana mno, hata ndani ya kundi moja, kwa hiyo msiyategemee. Kundi likitoweka kwenye kipande mlichobakiza, simamisheni kung'oa.