Nyumba ya Tippu Tip: tuitengeneze, na tukishaitengeneza iwe ya nani?

Mtu wa Baraza
Asalaam aleykum jamaa. Jana tulibishana barazani mpaka kahawa ikapoa na adhana ya isha ikatutawanya. Ubishi haukwisha, nauleta hapa.

Wanaoijua Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Unguja, wanaijua nyumba ile karibu na hoteli ya Africa House, yenye mlango mkubwa wa nakshi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Mwenyewe alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, yule bara yote waliyemwita Tippu Tip, aliyefia hapa hapa mjini mwaka 1905. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa nyumba ya serikali, zikawekwa familia kadhaa ndani. Watu wanyonge, wa kupika na kufua, si wa kubadilisha boriti. Nyumba ya mawe na chokaa ukiikalia miongo bila kuihudumia, inakujibu.

Nasema hivi: itengenezwe, isigeuzwe hoteli, waliomo wasifukuzwe, na chumba kimoja cha chini kieleze habari za wapagazi na watumwa waliolipia ule mlango. Na tuanze sisi wakaazi wa Mji Mkongwe, kwa kuchangishana na kwa mikono yetu, tusikae kumngoja mfadhili.

Kungoja tumeshakuona. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilianza kumeguka mwaka 2012 na kila mpita njia Forodhani akaona. Tarehe 25 Disemba 2020 likaporomoka upande mzima, mafundi wakiwa kazini, wakafa watu wawili. Miaka minane ya kutazama. Na lile lilikuwa jumba maarufu kuliko yote mjini, sasa hizi nyumba za vichochoroni nani atazililia?

Binti Mkunazini
Kaka yangu, mimi nitakuwa mtu mbaya: iache ianguke.

Nimekulia hatua chache na kanisa lililojengwa pahala pa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali hapa mpaka 1897. Katikati ya miaka hiyo bwana wako alikuwa akitajirika. Inatajwa kuwa kufikia 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa elfu kumi. Wewe unaniambia habari za nakshi. Mlango ule ulilipwa kwa pembe za ndovu, na pembe hazikutembea zenyewe kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, mpaka pwani.

Halafu "chumba kimoja cha chini". Yaani yeye ghorofa zote, wao chumba kimoja, tena cha chini! Hata kwenye maonesho mnawapanga vile vile.

Mtu wa Baraza
Hilo la chumba cha chini umenipiga, dada. Nalifuta.

Lakini ikianguka, unapata nini? Kiwanja Shangani. Na kiwanja Shangani hakilali siku mbili.

Fundi Chokaa
Nyinyi mnabishana nani alikaa. Mimi nitakwambieni nini kinaila, maana nyumba hizi zote zina ugonjwa mmoja.

Ukuta ni mawe ya matumbawe kwa chokaa na udongo. Dari inakaa juu ya boriti za mkoko, na upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu kama ushoroba. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unakunywa maji ya mvua, unayatoa jua likitoka. Sasa anakuja mtu anaona plasta imebanduka, ananunua mfuko wa saruji, anapaka. Pakavu, pazuri, anashukuriwa. Maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea, yanapanda juu na chumvi yake, yanafika kwenye kichwa cha boriti pale kilipoingia ukutani. Boriti inaoza huko huko ndani, hakuna anayeona. Siku ya kuonekana ni siku ya dari kushuka.

La pili ni bafu. Nyumba ya familia moja ikikaliwa na familia saba, kila mmoja anataka choo chake, na tangi la maji huwekwa juu. Nimefungua sakafu za juu nikakuta bomba linavuja tangu sijui enzi gani.

Kwa hiyo kuchangishana ni kuzuri, ila msijidanganye. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, unaweza kusafisha mifereji ya paa, kuondoa kifusi, kukata miti iliyoota ukutani. Kubadilisha boriti msaragambo hauwezi, mtaua mtu. Chokaa nayo haitaki haraka: inachomwa, inarowekwa, inalala wiki kadhaa kabla ya kupakwa. Vijana wanaojua kuilaza wanahesabika, wengi wanataka saruji ya kumaliza Ijumaa.

Mpangaji
Naishi nyumba ya serikali, si hiyo inayozungumzwa, mtaa mwengine, lakini hadithi ni ile ile. Kodi ndogo, kweli. Na mvua ikinyesha tunapanga ndoo.

Mnauliza kwa nini wapangaji hatutengenezi. Nitengeneze paa kwa pesa yangu ya vitumbua, kesho nyumba ikipendeza niambiwe nitoke "kwa muda"? Huo muda ninaujua. Watu walitoka kwa muda wakaishia Kwahani na kwengineko, na nyumba sasa ina meza za mishumaa. Nipeni karatasi kwanza, iliyoandikwa kuwa nikitoka kwa matengenezo nitarudi mlango ule ule kwa kodi ile ile. Hapo nitabeba kifusi kwa kichwa, na watoto wangu watabeba.

Kijana wa Utalii
Samahani wakubwa zangu, lakini nani atalipa? Boriti, fundi, chokaa, mbao za mlango, yote ni pesa, na michango ya baraza itanunua nyundo. Hoteli zina sifa mbaya hapa lakini nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimesimama kwa sababu kuna mgeni analala ndani. Mimi nalipwa na mgeni huyo, na mama yangu anakula.

Mtu wa Baraza
Mwanangu, hakuna anayeibeza riziki yako. Ila itazame Mambo Msiige, hapo hapo Shangani. Ilikuwa ofisi za serikali, ikawa hoteli kubwa ya kimataifa, ikafunguliwa 2015. Ukuta wa kale umesimama, sikatai. Lakini pembeni likaongezwa jengo jipya ambalo hata Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ililalamikia, sisi ambao mji wetu umo katika orodha yao tangu mwaka 2000. Na wewe na mimi tunaingia pale kwa nafasi gani? Kinyume chake tazama Dispensari ya Zamani, ile yenye varanda za mbao kule baharini. Iliokolewa miaka ya 1990 na mfuko wa Aga Khan kwa chokaa na seremala wa hapa hapa.

Kijana wa Utalii
Mzee wangu, Aga Khan ni mfadhili. Umesema tusingoje mfadhili.

Mtu wa Baraza
Haya. Nimekamatika mara ya pili leo.

Mmanyema
Nawasoma nikiwa Kasongo, huku Kongo, na nashangaa mnagawana mtu huyu kama vile ni wa Unguja peke yake. Huku ndiko alikochukua pembe na watu. Na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimpa uliwali wa Stanley Falls, huku huku Kongo, kwa hiyo wale waliodai wanakuja kutukomboa kwake walianza kwa kumwajiri. Hilo nalo liandikwe ukutani, tena kwa herufi kubwa.

Dada wa Mkunazini, hasira yako naielewa kuliko unavyodhani. Lakini Kiswahili hiki ninachokuandikia kilifika kwetu na misafara ile ile. Nimekirithi, nimeoa nacho, nazika nacho. Nyumba ile naiona hivyo hivyo. Ikianguka, watakaofurahi ni wale wanaosema hayakutokea. Nataka siku moja mwanangu asimame kwenye zile ngazi, aambiwe: walioibeba marumaru hii walitoka kwenu.

Binti Mkunazini
Hapo umenigusa, kaka. Bado siitaki. Lakini kama lazima isimame, basi hadithi ianzie mlangoni, kabla mtu hajaanza kupiga picha nakshi. Na iandikwe na watu wanaojua wanachokiandika. Hata vile vyumba vya chini tunavyowaonesha wageni hapa Mkunazini, wapo wanaobisha kuwa vilijengwa baada ya soko kufungwa. Tukiwa na kweli nyingi namna hii, uongo wa nini?

Mtu wa Baraza
Basi nabadilisha niliyoanza nayo. Kwanza karatasi ya wapangaji, iende Mamlaka ya Mji Mkongwe na kwa wenye dhamana ya nyumba za serikali, na iombwe kwa nyumba zote za namna hii, si hii tu. Pesa za boriti tutagombania baadaye, kijana ana haki. Kwenye hoteli sijasogea.

Fundi, lile la miti ya ukutani, mtaani kwetu kuna nyumba tatu zimeota. Jumapili tuko watu kumi na mbili. Tuje na nini?

Fundi Chokaa
Msumeno, ngazi mbili, na idhini ya wenye nyumba. Mje kabla ya masika. Na tafadhali mtu asiuvute mti kwa mkono: mzizi umeshaingia katikati ya mawe, ukiuvuta unakuja na ukuta. Kateni shina, kisiki mniachie mimi nikiue polepole, halafu ufa tutauziba kwa chokaa. Atakayekuja na saruji namrudisha kwao.