Ushauri: Nastaki Catalyst 9300 nne, nipange nini kabla ya kuwasha?

Mtoto_wa_Raki:
Wakuu, habari za jioni. Nina swichi 4 za mtandao za Cisco, Catalyst 9300, tundu 48 kila moja, za ofisi yetu hapa Mwanza. Nataka kuzistaki, yaani kuziunganisha zifanye kazi kama swichi moja. Kebo za staki ninazo 3, apulinki (kebo za kwenda mtandao mkuu) mbili nataka zote zitoke swichi ya 1. Prioriti (namba inayoamua swichi ipi iongoze staki) sijagusa. Umeme wa huku mnaujua, unakatika hata mara tatu kwa siku. Naomba mnikosoe kabla sijafunga kwenye raki.

Kebo_Bluu:
Mkuu, ongeza kebo moja. 1 kwenda 2, 2 kwenda 3, 3 kwenda 4, halafu 4 irudi 1. Bila hiyo ya nne staki itawaka, ila uwezo wake unabaki nusu, na siku kebo ya katikati ikilegea unapata vipande viwili vinavyogombea IP (anwani ya mtandao) ileile. Utaona mtandao unaonekana na kupotea, utalaumu kila kitu isipokuwa kebo.

Dada_VLAN:
Kaka, umeme wako ndio sababu ya kugusa prioriti. Zote zinakuja na 1, mwisho ni 15. Umeme ukirudi zikawaka pamoja zikiwa sawa, yenye anwani ndogo ya MAC (namba ya kiwandani ya kila swichi) ndiyo inakuwa kiongozi, iwe iko juu au chini ya raki. Mpe 15 unayemtaka, 14 msaidizi wake, hizo mbili ziache. Amri ni `switch 1 priority 15`, unaipiga kabla ya kuingia `configure terminal` (sehemu ya kubadilisha mipangilio), tofauti na swichi za 3750 za zamani. Inashika staki ikiwashwa upya. Na usichanganye prioriti na namba ya swichi: namba ndiyo inayobeba konfigi (mipangilio) ya tundu, ukiibadilisha baadaye, Gi2/0/10 yako (tundu la 10 la swichi ya 2) inaweza kujikuta haina VLAN (kundi lake la mtandao).

Mtoto_wa_Raki:
Asante dada. Na apulinki?

Kebo_Bluu:
Moja swichi ya 1, nyingine ya 4, uzifunge pamoja kwa LACP (itifaki inayofanya kebo mbili zitumike kama moja). Zote zikiwa swichi moja, ikizima hiyo, hizo tatu zinabaki zinaongea zenyewe kwa zenyewe.

Mzee_wa_Konsoli:
Vijana mmesahau toleo la IOS XE (programu inayoendesha swichi) na leseni. Zilinganishe swichi zikiwa bado mezani, moja moja.

Halafu usichomeke kebo ya staki kwenye swichi iliyowashwa. Mimi nilichomeka moja iliyotoka tawi jingine, kumbe ina prioriti 15. Ikashinda uchaguzi wa kiongozi, staki yangu yote ikajiwasha upya na kuchukua konfigi yake. Saa 4 asubuhi, siku ya mishahara! Tangu hapo mpya naizima kwanza, nachomeka, ndipo nawasha.

Mtoto_wa_Raki:
Duh, pole mzee. Kebo ya nne naagiza kesho. Zikishawaka nitaleta hapa majibu ya `show switch` (amri ya kuonyesha swichi za staki) muyakague.

Dada_VLAN:
Bandika na stika za namba mbele ya kila swichi. Atakayekuja usiku kubadilisha pawasaplai hatajua ya 3 ni ipi.