Ulinganisho: mjengo wa kupangisha karibu na Russia, Kisumu. Manyatta, Migosi au Mamboleo?

Mgeni_wa_Kibos:
Wakuu, habari za jioni. Tangu Russia (yaani JOOTRH, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kwa wasioujua mji) ipandishwe kuwa hospitali ya ngazi ya 6 mwaka 2025, mabroka wa barabara ya Kakamega hawalali. Naomba tulinganishe sehemu tatu za kujenga nyumba za kupangisha wauguzi, maafisa wa kliniki na wanafunzi wa udaktari wa Maseno wanaofanyia mazoezi pale, labda na kliniki au maabara sakafu ya chini:

– Manyatta upande wa Kondele: ploti ya futi 50 kwa 100, ina nyumba kuukuu za mabati na vibanda vinne vya biashara mbele. Ni kubomoa na kuanza upya.
– Migosi: ploti ndogo kidogo, ina nyumba moja ya zamani.
– Mamboleo kuelekea Kajulu: robo ekari, tupu kabisa.

Mtaji unafika sakafu ya chini na ghorofa tatu juu yake. Habari za "eneo linakua" nimezisikia za kutosha. Nataka kujua nini hukwama, na kwa nini.

Bikoni:
Anza na karatasi, mkuu. Mawe baadaye.

Manyatta haikupangwa kama mtaa wa mji. Mipaka ya manispaa ilipanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikameza ardhi za koo, na mpaka leo sehemu kubwa ni ardhi ya watu binafsi isiyo na kikomo cha miaka. Hilo ni zuri. Ubaya ni kwamba hati nyingi bado zina jina la babu aliyekwisha kufa, na anayekuonyesha ploti ni mjukuu. Mjukuu huyo hana cha kuuza mpaka mirathi ipite mahakamani: ombi la usimamizi, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali na siku 30 za pingamizi, kisha kwa kawaida miezi 6 kabla ya usimamizi kuthibitishwa na ardhi kugawanywa. Ukilipa amana kabla ya uthibitisho huo, umenunua ugomvi wa ukoo. Barua ya chifu na sahihi za wazee haziwezi kusimama mahali pa uthibitisho wa mahakama, hata zikiwa na mihuri mitatu.

Hata hati ikiwa safi, fanya haya kwa mpangilio huu: upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi, uangalie kama kuna kizuizi au rehani, ramani ya eneo kutoka ofisi ya upimaji, mpimaji mwenye leseni afufue bikoni (alama za mpaka) zote nne, ridhaa ya mume au mke wa muuzaji kwa maandishi. Ploti ikitazama barabara kuu, mpimaji akuonyeshe hifadhi ya barabara (ukanda uliotengewa barabara) inaishia wapi. Vibanda vya mbele mara nyingi vimesimama ndani ya hifadhi, na futi 50 za broka zinageuka 38.

Sasa vibanda vyenyewe. Mpangaji wa duka au hoteli asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa miaka isiyozidi 5, analindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301. Humtoi kwa kung'oa bati. Unampa notisi kwa fomu iliyowekwa, isiyopungua miezi miwili, ukitaja sababu (kubomoa na kujenga upya ni sababu inayokubalika), naye ana haki ya kwenda kwenye baraza la nyumba za biashara. Akienda, notisi yako inasubiri uamuzi. Kwa hiyo mkataba wa ununuzi useme wazi kwamba muuzaji atakabidhi ploti ikiwa tupu, na sehemu nzito ya malipo ibaki kwa wakili mpaka siku hiyo.

Migosi ni hadithi nyingine: ulikuwa mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma, barabara zake zimenyooka na mipaka haina kelele nyingi. Lakini soma hati kama ni ya ukodishaji, na miaka mingapi imebaki. Benki haitaki kusikia mkopo wa miaka 15 juu ya ukodishaji unaokaribia kuisha.

Mamboleo na Kajulu: ardhi ikiwa bado imeandikwa ya kilimo, unahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Ukichelewa, mkataba unakufa. Ndipo uende kaunti kubadili matumizi.

FundiWaKano:
Bikoni kamaliza ya juu, mimi nashuka chini ya ardhi.

Upande huu wa mji una udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mkono unaingia, na unaovimba mvua za Machi zikifika. Sehemu nyingine mwamba uko karibu sana na uso wa ardhi. Kimoja kati ya hivyo kikiwa peke yake kina dawa yake. Shida kubwa ni kuwa navyo vyote viwili kwenye ploti moja: kona mbili za jengo zimekaa kwenye mwamba, mbili kwenye udongo. Mvua mbili tu zikipita, ufa unatokea pale pale msingi ulipobadilika, unapanda kimshazari kutoka kona ya dirisha. Plasta haiufichi.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mchoraji, chimba mashimo matatu ya majaribio: mbele, katikati, nyuma. Shuka mita 2 hadi 3 au mpaka sururu igonge. Mhandisi aone mwenyewe, na sampuli ziende maabara ya udongo. Majibu yatakupa njia mojawapo:

Mwamba uko juu kote: msingi wa nguzo moja moja, lakini weka bajeti ya mashine ya kutoboa. Baruti katikati ya Manyatta sahau, nyumba za jirani ziko mita moja.

Udongo mweusi usiozidi mita 1.5: uondoe wote chini ya jengo, jaza mawe na murram (udongo wa changarawe) kwa tabaka za milimita 150, kila tabaka inyweshwe maji na ishindiliwe kwa mashine. Kushindilia tabaka moja ya futi tatu ni kujidanganya, juu inakaza na chini inabaki sponji.

Udongo mweusi umeshuka zaidi: bamba moja la zege lenye nondo chini ya jengo zima. Ni ghali. Hapo ndipo Manyatta "rahisi" inapoipita Migosi kwa bei.

Jambo dogo linaloua majengo mazuri: maji ya paa yakimwagika kando ya msingi. Zungushia zege upana wa mita moja na uyapeleke kwenye mfereji.

Nyumba kuukuu ikiwa na paa la asibesto, usimpe kijana nyundo. Linashushwa zima na mwenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira.

DebeLaMaji:
Hesabu ya haraka kwa 50 kwa 100. Hiyo ni mita za mraba 464 hivi. Ukiruhusiwa kufunika nusu, sakafu ni 232. Toa ngazi, korido na kuta, inabaki kama 185. Bedsita (chumba kimoja chenye kila kitu ndani) za mita za mraba 20 zinaingia 9 kwa sakafu, sakafu tatu ni 27. Watu kama 40, lita 60 kila mmoja, ni 2,400 kwa siku. Kliniki chini iongezee 1,000. Siku mbili bila maji ya mfereji zinataka akiba ya lita 7,000. Weka tanki la 10,000 chini na la 5,000 juu. Hilo la juu likijaa ni tani 5, kwa hiyo likae juu ya nguzo zilizohesabiwa. Slabu ya ngazi si mahali pake.

Majitaka ni karibu asilimia 80 ya maji yaliyoingia. Nenda KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, uulize vitu viwili: laini ya majitaka iko mbali gani, na iko kina gani. Watu wengi huuliza la kwanza tu. Bomba la milimita 100 linahitaji mteremko wa 1 kwa 40, hivyo mita 30 zinashuka sentimita 75. Kama shimo la laini kuu ni la kina kifupi na ploti yako iko bondeni, maji hayapandi mlima, utanunua pampu.

Pasipo laini, na hilo hutokea sana ukipanda kuelekea Kajulu, utajenga septiki ya vyumba viwili na shimo la kunyonya. Kwenye udongo mweusi shimo halinyonyi. Linajaa, linarudisha, na gari la kunyonya linakuwa mgeni wa kila mwezi. Visima vifupi vya Manyatta na Migosi visikushawishi pia: vyoo vya shimo viko jirani mno. Maji hayo ni ya kuosha sakafu.

Stetho:
Kuhusu kliniki chini: amua kabla ya mchoro. Kubadilisha bedsita kuwa maabara baadaye ni kuvunja nusu ya jengo.

Sakafu ya chini iwe na kimo cha mita 3.3 au zaidi, milango ya mita 1.2 ili machela ipite na kugeuka, na njia ya mteremko wa 1 kwa 12 badala ya ngazi. Kama ngazi ya mlangoni ingekuwa sentimita 45, njia hiyo ina urefu wa mita 5.4, na kwenye ploti ya futi 50 hiyo si nafasi ndogo. Omba stima ya fezi tatu mapema. Chumba cha eksirei kinataka kuta nzito na mlango wenye madini ya risasi, unene uhesabiwe na mtaalamu wa kinga ya mionzi kwa mashine ile ile itakayofungwa, kisha kibali cha mamlaka ya nyuklia, KNRA. Usikubali mpangaji akuambie "tutapiga tu plasta nzito". Juu yake wanalala watu.

Leseni ya kituo ni ya KMPDC (baraza la madaktari), ya duka la dawa ni ya bodi ya famasia, maabara ina bodi yake. Hizo ni za mpangaji, ila zikikosekana mlango unaofungwa ni wako.

Taka: mfuko mweusi ni za kawaida, njano za kuambukiza, nyekundu zenye hatari zaidi, na sindano kwenye sanduku lisilotoboka, linalofungwa likifika robo tatu. Zinahitaji chumba chao chenye kufuli na bomba la maji, mbali na mapipa ya wapangaji wa juu. Mchoro wa mahali pa taka usipokuwepo, zitaishia chini ya ngazi.

Nyar_Migosi:
Kwa wapangaji wa zamu, Migosi inashinda, wala sisemi kwa sababu ya jina langu. Muuguzi anayetoka zamu usiku hatazami marumaru, anatazama njia: ina taa? Boda inafika mlangoni mvua ikinyesha? Uchochoro wa futi sita wa Manyatta unaweza kuwa karibu zaidi kwa hatua na bado ukakosa mpangaji huyo.

Bedsita tupu 27 ni nyingi mno kwa aina moja. Changanya: 15 bedsita, zilizobaki zigeuze nyumba za chumba kimoja cha kulala. Wafanyakazi wenye watoto hukaa miaka, wanafunzi huhama kila mzunguko wa mazoezi ukiisha. Kila nyumba mita yake ya stima ya tokeni, na mita ndogo ya maji. Bila hivyo utakuwa hakimu wa ndoo kila mwisho wa mwezi.

Na kodi ya mapato ya pango ni asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024, kwa wanaopokea zaidi ya 288,000 mpaka milioni 15 kwa mwaka. Hukatwi baada ya gharama, inakatwa kabla. Iwasilishe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

JaKondele:
Omera, wote mnawaza wafanyakazi. Mbona hakuna anayewataja wagonjwa wenyewe?

Wagonjwa wa Russia hutoka Siaya, Vihiga, Homa Bay, Migori, Busia. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne hivi kila mara. Nauli ya kurudi kijijini kila safari inamla, na mwili umechoka. Familia hiyo inataka chumba cha wiki au mwezi, jiko la pamoja, kamba ya kuanika nguo na mlango usio na ngazi. Hapo Manyatta inalipa hata bila ghorofa tatu: vyumba 9 vya chini vyenye choo cha kukaa na vyuma vya kushikilia ukutani.

Kasoro zake: leseni ya malazi si sawa na ya pango, keateka (mtunza jengo) lazima awepo usiku na mchana, na shuka hufuliwa kila siku, kwa hiyo ile hesabu ya maji ya Debe iongezwe nusu. Stima ikipotea mara kwa mara utahitaji jenereta ndogo ya taa na pampu.

Bikoni:
Jaduong' JaKondele kasema kweli, ila wazo lake linataka kibali kinachosema malazi tangu mwanzo. Kaunti ikiidhinisha "makazi ya familia nyingi" halafu ubandike bei za siku, ilani ya kusimamisha haichelewi. Kwa sheria ya mipango ya 2019, ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabika limekubaliwa. Usilitegemee hilo kujenga. Pata muhuri, kisha usajili mradi NCA (mamlaka ya ujenzi) na upate kibali cha NEMA kabla ya koleo la kwanza.

Mgeni_wa_Kibos:
Asanteni sana. Mamboleo naiacha, itafaa mwenye gari na mwenye subira. Manyatta imebaki kwa wazo la JaKondele peke yake, hati ikiwa safi. Migosi, je, nikikuta ukodishaji umebaki miaka 20?

Bikoni:
Omba kuongezewa muda sasa, muuzaji akiwa bado ndiye mwenye jina, na kodi za ardhi ziwe zimelipwa zote. Akikataa kuanza ombi, punguza bei au ondoka. Na FundiWaKano asisahaulike: hata Migosi, mashimo matatu.

FundiWaKano:
Manne, kama kuna mti mkubwa uliong'olewa.